Ethel Aliyetaka Ngoma Isubiri

Newala Mjini,
17 Novemba 1996.

Mpendwa Shemeji Silvano,

Shikamoo. Habari za Tabora? Habari za kazi ya reli, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi? Mama Yeremia hajambo, na watoto wanaendelea na masomo? Barua yako ya Pasaka tuliipata. Ethel aliibandika ile picha ya mtoto wenu mdogo ukutani juu ya cherehani, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa huyo anafanana na nani.

Ningependa kukuandikia kwamba na sisi hatujambo. Watoto wadogo ni wazima, mimi nilipata homa mwezi wa tisa ikapita, na korosho zimeanza kuanguka. Lakini nakuandikia nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Dada yako Ethel ndiye mgonjwa, na ugonjwa wenyewe si wa Mungu. Amepigwa. Mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko na jicho moja limefumba kwa uvimbe. Daktari anasema jicho litapona.

Nakuomba uisome barua hii yote kabla hujazungumza na mtu yeyote, kwa sababu nadhani huko mmeshafikiwa na maneno mengine.

Ilianza mwaka jana wakati wa kupalilia. Unajua Ethel ni mhudumu wa zahanati yetu ya Mnyambe. Siku moja aliletwa pale binti wa Sophia, yule rafiki yake wa tangu utotoni. Binti alikuwa amechezwa unyago akiwa darasa la tano, ngoma ilipokwisha akaozwa, na sasa alikuwa anajifungua. Alikuwa mdogo, shemeji, kiunoni mwembamba kama mtoto wa kuchunga mbuzi. Gari la kumleta Newala halikupatikana. Aliomba asiachwe peke yake, na Ethel hakumwacha. Binti alikufa, mtoto akiwa bado tumboni.

Baada ya arobaini, Ethel na Sophia walianza kupita nyumba kwa nyumba. Hawakusema unyago ufutwe. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, maana ndilo neno lililogeuzwa. Walisema ngoma imsubiri mtoto amalize darasa la saba, na akishatoka asikabidhiwe mume hapo hapo. Basi. Mimi ni mwanaume, mambo ya huko ndani siyajui wala sitakiwi kuyajua. Nakuandikia ya nje tu.

Lakini neno likitoka kijijini halirudi lilivyokwenda. Lilipofika Tandahimba lilikuwa limekuwa hivi: Ethel amelipwa na Wazungu aue mila. Lilipofika hapa Newala likawa: anawafundisha wasichana wasizae.

Kwanza watu walicheka, halafu wakamtungia wimbo. Kisha ikaja habari ya maji. Maji ya kwetu unayajua. Bomba likikauka, wanawake wanateremka bondeni alfajiri na kupanga ndoo zao kisimani. Ndoo ya Ethel ikawa inanyanyuliwa na kupelekwa mwisho wa foleni. Hakuna aliyemtukana, waliinyanyua tu, wakaendelea na mazungumzo yao. Alikuwa anarudi jua limeshakuwa kali na ndoo ina tope. Anachuja kwa kanga, anachemsha.

Mwezi wa sita mwaka huu mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano shuleni. Aliyesimama kwanza ni Mama Faidha, kungwi mkuu. Na wewe unamfahamu, ni mtu wa heshima, si mtu wa kelele.

“Ethel,” alisema, “siku uliyotoka ndani ni mimi niliyekubeba begani. Nilikukosea nini?”

“Hukunikosea, Mama Faidha. Shikamoo.”

Shikamoo ile haikuitikiwa. “Haya niambie, hao wanaomaliza la saba wanakwenda wapi? Kiwanda cha korosho kimefungwa. Sekondari ni ya wenye nacho. Mtoto anarudi kukaa barazani, anapewa mimba na mpita njia. Mimi ninampa heshima, ninampa na mume. Wewe unampa nini?”

Nilitazama chini, shemeji. Kiwanda ni kweli kimefungwa, na vijana wetu waliokuwa wakibangua korosho pale sasa wanashinda wakicheza karata.

Ethel alisema, “Ninampa muda mifupa yake ikomae. Sina kingine cha kumpa.”

Hapo mtu mmoja nyuma akapaza sauti, “Watu wa Masasi hao! Wajukuu wa watumwa ndio watufundishe mila?”

Mkutano mzima ulicheka. Hata waliosali naye Jumapili walicheka. Nilidhani ataketi. Hakuketi. Aliwaeleza habari za bibi wa marehemu baba yenu, yule aliyetekwa utumwani angali mtoto ng'ambo ya Ruvuma, akapata uhuru Unguja, akarudi bara na wamisheni hadi Masasi. Alieleza kwamba bibi huyo alipoanza kulima shamba lake, alikuja mtu kudai kwamba yeye ni mali yake, na majirani wasiokuwa na mtumwa hata mmoja wakamwunga mkono yule mtu. Walisema watumwa wakiachiwa, nani atalima? Nchi itakufa njaa.

“Kama waliokomesha utumwa wangesubiri kila mtu aridhike,” Ethel akawaambia, “leo mngenikuta sokoni nina bei.”

Waliacha kucheka. Nilifikiri wameelewa. Kumbe ndipo walipomchukia hasa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alikuwa bado anajipa moyo. Alinikumbusha mama yenu alipokwenda kisomo cha watu wazima, jinsi wanaume walivyosema mwanamke akijua kusoma atamwandikia hawara. “Na leo wanaume hao hao,” akasema, “wanawaletea mabinti zao barua wawasomee. Watasahau kwamba walitupinga, Baba Dominika.” Mimi nilikuwa naangalia ni nani njiani hatusalimii.

Kuna jambo jingine ambalo wewe uliyeko mbali huenda hulioni. Siku hizi wanunuzi binafsi wa korosho wanaleta magari yao mpaka kijijini. Msimu uliopita fedha ilionekana, na kila mwenye mikorosho akataka ngoma ya binti yake iwe kubwa kuliko ya jirani: jenereta, spika, bia kutoka Mtwara, kanga mpya kwa ukoo mzima. Kuisogeza ngoma mbele ni kumfungia mtu duka. Tunaambiwa sasa kila kitu ruksa. Msichana kumaliza shule tu ndiko kusikoruhusiwa.

Sophia alirudi nyuma. Mumewe alimwambia achague. Ethel hakumlaumu, aliendelea kupita peke yake.

Mwezi wa saba Ethel aliitwa hapa Newala kwa mafunzo ya chanjo, na mimi nilikuwa shambani napuliza mikorosho dawa ya salfa. Mjomba wenu, Mzee Nikolao, akaja na kina mama wa ukoo wakamchukua binti yetu Dominika kutoka darasani wakampeleka kwenye ngoma. Mwalimu aliambiwa ni shauri la ukoo.

Ethel alirudi saa za alasiri akakuta kitanda cha mtoto hakina shuka. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba walimokuwa wasichana, akaingia, akamshika binti yake mkono, akatoka naye mbele ya watu wote. Ngoma zilinyamaza. Jambo hilo halijapata kutokea kwetu. Mama Faidha alikaa chini akajifunika uso kwa kanga, na nilivyomwona mimi, hakuwa anajifanya.

Nilidhani Dominika angeshukuru. Alilia mpaka sauti ikakauka. “Mama umeniaibisha,” alimwambia. “Sasa mimi ni nani? Si mtoto, si mkubwa.” Wenzake walipotoka wamevaa kanga mpya na kuimbiwa, yeye aliwatazama kupitia dirishani. Kwa wiki nyingi hakumwita Ethel mama. Alipotaka kitu alinituma mimi. Dada yako alivumilia maji ya tope, lakini hilo nililiona linamkondesha.

Agosti tukakuta mikorosho ya kando ya barabara, ile aliyoipanda mama yenu, imechunwa magome kuzunguka shina. Ilikuwa imeshaanza kuchanua. Sasa imesimama mikavu katikati ya mashamba ya watu yenye matunda, na wapita njia wanaonyeshana kwa kidole.

Nilimwomba aache. Nakwambia kweli, nilimpigia magoti mke wangu. Nilimwambia mabinti ni wa wenyewe, aache wafe wa watu, wetu wapone. Alinitazama akasema, “Na wa Sophia alikuwa wa nani?”

Jumatatu iliyopita alikuwa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Vijana walimngoja kwenye kona yenye mawe. Hakuwatambua, walikuwa wamejifunga mashati usoni. Sophia ndiye aliyemkuta, akapiga mayowe, na mayowe yalipokosa watu akambeba mgongoni mwenyewe mpaka barabarani. Tangu siku hiyo hajarudi kwa mumewe. Analala chini ya kitanda cha Ethel, anamlisha, anamwogesha. Tumetoa taarifa, lakini hakuna anayekubali kwamba alipita njia ile.

Shemeji, ningeweza kuishia hapa na kukuomba dua tu. Lakini lililonifanya nikuandikie ni hili.

Siku mbili baadaye Mzee Nikolao aliita ukoo. Niliitwa nikaketi pembeni kama mkwe. Walikata shauri hivi: Ethel akitoka hospitali asirudi kwenye ardhi ya ukoo. Dominika ahamie kwa Mzee Nikolao, shule zikifungwa Desemba amaliziwe ngoma yake, kisha aolewe na mnunuzi mmoja wa korosho wa Tandahimba. Ni mtu mzima, ana mke na watoto wakubwa. Ameshaleta posa na ukoo umeipokea.

Nilisimama, ingawa si mahali pangu. Nilisema, “Dominika ni mwanangu.”

Mzee Nikolao hakunikasirikia. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni desturi. “Ni mwanao wa kumlisha, Ambrosi. Mwenye kauli ni mjomba wake.”

“Basi tumngoje Silvano.”

“Silvano ameshakubali,” akasema. “Ametuma salamu na mtu aliyetoka huko. Amesema dada yake amevuka mpaka, ukoo ufanye unavyoona.”

Wazee waliitikia kwa vichwa, wakaanza kuinuka kwenye jamvi.

Sikutaka kumwambia Ethel. Lakini aliniuliza wazi, “Wamemtaja kaka?” na mimi sijui kumdanganya. Nilimweleza. Shemeji, ndoo yake iliposogezwa hakulia. Alipozomewa mkutanoni hakulia, wala daktari alipomnyoosha mfupa. Aligeukia ukutani akalia hapo, kwa sauti ndogo, Sophia akimshika miguu. Tangu siku hiyo hali chakula. Uji anaurudisha kikombe kimejaa.

Dominika yuko hapa nami, nilitoka naye usiku ule ule wa kikao kabla hawajaja kumchukua. Jana alikaa karibu yangu kwenye benchi hili akasema, “Baba, simtaki yule mtu. Lakini usimwambie mama, bado nimemkasirikia.” Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyasema, uyajue, kwa kuwa ukoo haukumwuliza.

Sasa nakuuliza wewe, na sikuulizi kwa hasira. Ni kweli ulituma salamu hizo?

Kama si kweli, njoo. Ukikosa ruhusa kazini, peleka simu ya maandishi kwa Mzee Nikolao kupitia posta ya Newala. Neno “hapana” likitoka kwako linatosha, hakuna mwingine katika ukoo ambaye hapana yake inasikilizwa. Mimi nimeisema, imepita kama upepo. Mama yake ameisema, amevunjwa mkono.

Na kama ni kweli, niandikie hivyo pia, kwa mkono wako mwenyewe. Nitamchukua mke wangu na watoto niondoke, ingawa sijui pa kwenda; Masasi hatuna tena mtu, na shamba la kuuza sina. Lakini nitajua. Usininyamazie, shemeji. Shule zinakaribia kufungwa.

Msalimie sana Mama Yeremia, mwambie kitenge alichotuma kilimpendeza Ethel. Msalimie Yeremia na wadogo zake. Sophia anakupa shikamoo. Dominika hajaniambia nimsalimie mtu, lakini ameniuliza Tabora ni mbali kiasi gani. Nimeingia wodini sasa hivi nikakuta Ethel ameamka, ameniona na karatasi, ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia kaka yake. Kisha amesema nikupe shikamoo yake, na nikuulize kama mguu umepona.

Mungu akulinde katika safari zako zote za reli, na akuongoze kwetu.

Akupendaye, anayeitazama barabara,
Shemeji yako,
Ambrosi