Jana mdogo, leo mkubwa

Myamba, Jumanne, Agosti 1974

Eti nimechelewa! Nimeshuka na binti yangu Nakunda hadi hospitali, na daktari mgeni akasema watoto wasiosema hufundishwa wangali wadogo: wakijaribu jambo, watuzwe, kidogo kidogo.

“Mama, huyu ni mtu mzima. Ungemleta mapema.”

Nilimleta mapema, nikiwa nimembeba mgongoni. Hospitali hiyohiyo nikaambiwa, “Subiri akue, atasema.”

Leo nikamwuliza daktari, basi huyu mkubwa afanyweje? Akaita mgonjwa mwingine.

Njiani Nakunda alijipiga kichwa kwa sababu ya honi za malori. Nilishindwa kumshika mikono, amenizidi nguvu. Naogopa kuzeeka.

Angalau makande amekula vizuri. Kesho naanza kumfundisha kujifunga kanga, kila akijaribu nimpe kipande cha muwa. Daktari hakusema ni dhambi.