Nampulizia Mume Wangu Manukato Nisiyoyasikia

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba jibu litoke kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana hiyo ndiyo siku nitakayoumbuka mbele za watu, na hata hapa ninapoandika nimeshaharibu karatasi mbili.

Mimi ni mke wa mtu, nina mtoto mmoja anayetambaa, na kazi yangu ni kuchanganya manukato katika duka ambalo mbele tunauza na nyuma tuna chumba cha kazi, chenye meza ndefu, mizani ndogo na rafu za vichupa vya mafuta mpaka darini, na pale mimi ndiye fundi, watu wananiita Pua, na si kwa kunicheka bali kwa heshima, kwa sababu nilikuwa nikifungwa kitambaa machoni nikaletewa kichupa chochote cha rafu ile, nakitaja kabla kifuniko hakijawekwa mezani. Mwaka jana nikatengeneza manukato yetu wenyewe tukayaita Miguu Mchangani, kwa ajili ya mtu anayetaka kunukia kama yuko likizo ufukweni hata kama yuko kwenye foleni ya benki: mwanzoni ndimu kidogo, halafu chumvichumvi ya upepo wa bahari, halafu nazi kama yale mafuta ya kujipaka juani, na mwisho mbao za kiti kilichoachwa nje kikakauka. Nilihakikisha hayaegemei upande wa mwanamke wala wa mwanamume, ili mke na mume watumie chupa moja bila kugombana, na kweli yakashika, hata wachumba wanakuja wameshikana mikono kununua.

Basi nikaugua mafua, Shangazi, mafua haya haya ya kila mtu, nikalala, nikapona, homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, pua ikazibuka na hewa inapita vizuri kabisa, lakini harufu haikurudi. Nilifungua kichupa cha mnanaa, mnanaa ule unaochoma, nikakiweka puani nikavuta mpaka nikasikia kizunguzungu, ikawa kama nanusa maji ya kunywa. Nikajiambia kesho itarudi. Imepita miezi haijarudi na sijamwambia mtu yeyote, si bosi, si mume wangu, si dada yangu, kwa sababu fundi wa manukato asiye na pua ni nani, Shangazi, ni sawa na dereva asiye na macho, nani atampa gari?

Ningeweza labda kuvumilia ingekuwa ni kazi tu. Lakini siku moja mchana nilikuwa jikoni nakatakata mboga, mtoto yuko miguuni pangu anachezea kijiko, kumbe sufuria imefurika na kuuzima moto na gesi inatoka, mimi nimelipa jiko mgongo sina habari. Mume wangu akafungua mlango akitokea kazini, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Gesi hiyo, zima, zima, nipe mtoto," akamnyakua, akafunga jiko, akafungua madirisha yote, halafu akasimama ananitazama. Akaniuliza, "Wewe, Pua mzima, hukusikia?" Nikamjibu nilikuwa na mawazo. Tangu siku hiyo nimeingiwa na woga hadi wa kupika. Nafunga mtungi wa gesi, natoka, narudi kuangalia kama nimeufunga, natoka tena, narudi tena. Mtoto akilala usingizi mrefu namtikisa aamke alie, nijue yuko hai. Hata nepi yake naijua kwa kutia mkono, na mama mkwe alishaniuliza kwa upole kama siku hizi nina uvivu.

Sasa nije kwenye lile linaloninyima raha zaidi. Pale kazini karatasi za majina kwenye vichupa huliwa na spiriti mpaka hazisomeki, na hatukuwahi kujali, maana tulikuwa na pua. Sasa vipimo ninavijua kwa moyo, mikono inachanganya yenyewe, lakini nitajuaje kama nimepatia? Nikapata njia. Mume wangu ni mwalimu wa udereva, anashinda ndani ya gari dogo na wanafunzi, na yeye pia hutumia Miguu Mchangani. Nikawa kila nikichanganya mapya naleta kidogo nyumbani, asubuhi nampulizia shingoni na kwenye kola, halafu namshika uso kwa mikono miwili namtazama macho, natazama na matundu ya pua, namuuliza, "Vipi?" Akifumba macho akatabasamu, najua mambo yako sawa, nakwenda kuyapanga dukani. Yeye maskini hajui kwamba namtumia kupimia manukato. Anadhani ni mapenzi. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mama yake kwenye simu, "Mama, mke wangu amerudi kama enzi tunachumbiana, haniruhusu nitoke bila kunitazama." Nilikwenda kujifungia bafuni.

Wiki iliyopita nikampulizia kama kawaida. Alinyamaza kidogo, akameza mate, akasema, "Safi sana, mke wangu." Nikashukuru, nikaenda nayo dukani. Siku hiyo mvua ilishinda ikinyesha, jioni akarudi bega moja na mkono mzima wa shati vimelowa chapachapa, nikamuuliza kulikoni, akasema kioo cha gari kimekwama hakipandi, akaenda moja kwa moja kuoga hata chai hajanywa. Kesho yake chupa zikaanza kurudishwa. Dada mmoja aliitua yake kaunta akauliza, "Haya ni miguu mchangani au ni mbuzi mchangani?" Bosi akanusa, machozi yakamtoka. Nilipokwenda nyuma nikakuta kichupa cha nazi kimejaa vilevile, kumbe mimi nilichukua cha miski nzito kilichokaa jirani, na mafuta ya vyote viwili ni ya rangi moja. Bosi akampigia simu anayetuletea mafuta, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mimi nimesimama pale nasikiliza.

Na hapo ndipo hofu ikawa mbili, Shangazi. Kama mume wangu alinusa uvundo ule akasema safi, basi pua yake nayo imekufa, huenda nimemwambukiza mimi, na sasa nyumba nzima haina pua hata moja ya kusikia gesi, na mtoto yumo humo ndani. Na Jumamosi hiyo wanakuja watu wa hoteli moja ya ufukweni wanaotaka Miguu Mchangani yawe harufu ya mapokezi yao na taulo zao, na bosi kwa kujivuna amewaambia, "Fundi wangu nitamfunga kitambaa, mleteeni chochote, atawaambia kilichomo." Nimewaza kujitia mgonjwa, nimewaza kuacha kazi bila kuaga. Nianzie wapi? Na mume wangu akijua kwamba kule kumtazama kote kulikuwa kwa ajili ya kazi, atanitazama vipi mimi?

Ni mimi, Niliyekuwa Pua

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, kabla hujaendelea kusoma nenda jikoni ufunge mtungi. Umefunga? Kaa sasa, na usirudi tena kuangalia, maana kurudi mara kumi hakuwezi kukupa harufu. Leo hii nunua kile kifaa kinacholia gesi ikivuja, mtungi utoke jikoni ukae nje kama kuna mahali pa kuuweka, na usipike ukiwa peke yako na mtoto mpaka kifaa hicho kiwe ukutani. Hofu yako juu ya mtoto si ya kijinga, ina sababu, ila umeitumia vibaya. Umekuwa ukimtikisa mtoto kila anapolala badala ya kumwambia baba yake neno moja.

Nakuonea huruma, na sifichi. Kupoteza kitu ambacho watu wamekupa jina kwa ajili yake si jambo dogo, na najua kwa nini ulinyamaza. Lakini nikugombeze kidogo. Uliwauzia watu kitu cha kujipaka mwilini bila kujua umetia nini. Safari hii ilikuwa miski, wakacheka, wakarudisha. Ingekuwa ni kitu cha kuchoma ngozi ungeniandikia barua nyingine kabisa. Na yule muuza mafuta ametukanwa kwa kosa lako na wewe upo, unasikiliza. Huyo unamdai samahani, na utaiomba kwa mdomo wako mwenyewe.

Tuje kwa mwalimu wa udereva. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Wewe kweli ulikuwa Pua, lakini hesabu za mumeo zimekushinda. Pua yake ni nzima, mwanangu. Ndiyo iliyosikia gesi tangu mlangoni. Asubuhi ile alinyamaza kwanza, akameza mate, ndipo akasema safi. Jioni alikwenda kuoga kabla ya chai. Na kioo cha gari hakikukwama. Mwanafunzi gani atakaa ndani ya gari dogo na mtu anayenuka mbuzi dume, madirisha yamefungwa? Mume wako alishusha kioo kwenye mvua, akafundisha siku nzima bega liko nje, akalowa, akarudi nyumbani akakudanganya ili asikuvunje moyo wewe uliyempulizia. Ulikuwa unapima manukato kwa mtu ambaye ungempulizia hata maji ya kuoshea vyombo angefumba macho akatabasamu. Kipimo hicho hakifai kwa kazi. Kwa ndoa sijaona kizuri zaidi.

Kwa hiyo unaanzia kwake, na ni kabla ya bosi. Kisha mwende wote wawili kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mimi si daktari na sitakuahidi kwamba harufu itarudi. Wapo ambao huwarudia polepole, wapo wanaofundishwa kunusa upya kama mtoto anavyofundishwa kutembea, na wapo ambao haiwarudii. Yeyote utakayekuwa kati ya hao, ni heri ujue kuliko kukisia.

Bosi mwambie wiki hii, mkiwa wawili, mlango umefungwa, na umwambie na habari ya kichupa cha nazi. Usithubutu kusubiri Jumamosi, na habari ya kujitia mgonjwa sitaki kuisikia, kwa sababu wewe ni mgonjwa kweli. Atakasirika, na ana haki. Pengine atakuweka mbele ya duka kwa muda, pengine atakuondoa, siwezi kukudanganya. Ila nenda ukiwa na la kumpa. Mwambie mikono yako bado inajua vipimo vya Miguu Mchangani kuliko mtu yeyote duniani, mwambie akupe mtu mwenye pua akae nawe mezani anuse unachochanganya, na vichupa vile vichorwe majina kwenye kioo chenyewe badala ya karatasi inayoliwa na spiriti. Watu wa hoteli wanakuja kununua harufu ya ufukwe. Hawakuomba mchezo wa kitambaa, huo umetokana na mdomo wa bosi wako, na yeye ndiye atakayeufuta.

Umeniuliza mumeo atakutazama vipi akijua kwamba ulimtazama kwa ajili ya kazi. Sijui kama kulikuwa kwa ajili ya kazi tu. Mtu anayepulizia karatasi ya kupimia harufu haendi kujifungia bafuni akisikia karatasi imefurahi.

Kesho asubuhi acha chupa kabatini. Mshike uso kama ulivyozoea, mtazame, na kabla hajafumba macho mwambie kwamba husikii harufu yoyote, tangu yale mafua, na kwamba unaogopa. Atakayoyasema baada ya hapo hayanihusu. Ila mkishamaliza, muulize kile kioo cha gari kilitengenezwa lini.