Mama Halii, Mjomba

Hombo, Mutsamudu,
Ndzuani.
9 Novemba 1985

Mpendwa Mjomba Abdoulkarim,

Shikamoo. Nisamehe Kiswahili changu. Ni kile Koko, mama yenu, alichorudi nacho kutoka Unguja, pamoja na vitabu ulivyonitumia. Je, mguu wako umepona? Mkaza mjomba Zoubeida na watoto hawajambo? Baba yuko kazini bandarini kama kawaida, na Koko bado anaswali bila kiti. Ningependa kuandika kwamba sote ni wazima, lakini Mama, dada yako, si mzima.

Barua hii sikuipeleka posta. Anaileta Bwana Mouigni, baharia wa meli ya mizigo inayopitia Moroni kabla ya kufika huko kwenu. Ukiona bahasha imefunguliwa usimuulize yeye, niambie mimi. Nimeitazama gundi mara tatu.

Unajua Mama alivyo na chafya tangu utoto wenu. Mwaka huu zimezidi. Macho ni mekundu, pua haikauki, na akilala kifua kinapiga filimbi.

Mwezi wa nne binamu yenu Houmadi, aliyekuwa akisomesha Moroni, alichukuliwa na wale askari wanaoongozwa na wazungu. Hatujui yuko wapi, na mtaani hatumtaji. Sasa watu wakimwona Mama sokoni na macho yale wanafikiri anamlilia. Kumlilia mtu aliyechukuliwa ni sawa na kusema waliomchukua wamekosea. Jirani yetu Mbaé alinisimamisha mlangoni.

"Maanrifa, mama yako anamlilia nani kila siku?"

"Halii, baba. Ni mafua."

"Mafua ya miezi saba? Hayo mafua yana jina la mtu."

Akacheka. Sijui alikuwa anatania au ametumwa. Ndugu yake ni mpishi katika kambi ya askari hao Moroni. Tangu siku ile natazama anavyopita mbele ya dirisha letu, mara ngapi na saa ngapi. Huenda namwonea.

Kosa langu ni kumwambia Mama maneno ya Mbaé. Aliacha kwenda sokoni, kisha arusini, kisha hata kwa mama mdogo Hakima kule Mirontsy. Akilazimika kutoka anajifunika shuka lake la shiromani mpaka kwenye kope. Siku hizi hata ndani haongei. Anakaa kitandani ameelekea ukutani na chakula anakigusa tu. Juzi nilimuuliza anaumwa wapi, akasema, "Nimechoka na huu uso, mwanangu."

Nilikwenda hospitali peke yangu kumuuliza daktari. Asubuhi mbili nilirudi kabla ya kuingia, kwa aibu. Siku ya tatu niliingia. Aliniambia kwamba mwili wa Mama unakataa kitu fulani anachokivuta kwa pua, na kwamba hali hiyo inaitwa mzio. Watu wazima wanaoteseka na mzio muda mrefu, hawalali vizuri wala hawapumui vizuri, wengi wao huingiwa na huzuni nzito. Ameona mambo hayo mawili yakienda pamoja mara nyingi, lakini lipi linalivuta lingine hakuweza kuniambia kwa hakika. Akaniagiza nichunguze ni kitu gani.

Basi nimechunguza wiki nne na kuandika kila siku daftarini. Kwanza nilishuku maua ya langilangi, kisha godoro la sufi, kisha paka wa Mbaé. Mjomba, ni shiromani. Likitoka kufuliwa, Mama anapumua. Koko akishalifukiza udi, Mama anapiga chafya kabla hajafika nje, na siku mbili zinazofuata hali chakula wala haongei. Anayaficha macho yake kwa nguo ileile inayoyafanya mekundu.

Nilifika hata kumshuku Koko mwenyewe, Mungu anisamehe. Anafukiza kwa mapenzi, ili mwanawe anukie vizuri mbele za watu. Nilipomweleza aliniuliza:

"Vitabu vyako ndivyo vimekwambia bibi yako anamroga mwanawe?"

"Sikusema hivyo, Koko."

"Sisi tumezaliwa ndani ya udi. Haukumuua mtu."

Yeye anasema huo ukimya ni jini. Amemwalika Fundi Moindjié, mtoa majini, mwishoni mwa mwezi wa Maulidi. Mama atafungiwa chumbani siku tatu, madirisha yakizibwa kwa vitambaa, na udi na ubani vitachomwa mpaka jini liseme. Kifua chake hakiwezi, Mjomba. Baba ananyamaza kwa sababu nyumba ni ya upande wenu na yeye ni mume tu. Lakini Koko ametamka mbele yangu kwamba mwanawe mkubwa, yaani wewe, akikataa, yeye hatabishana.

Kwa hiyo nakuomba uandike, hata mistari miwili. Sisemi fundi asije. Asome Kurani kadiri anavyopenda, ila madirisha yawe wazi na kusiwe na moshi. Na shiromani lifuliwe kwa maji tu.

Huenda nimekosea, wiki nne ni chache. Tena najua kuna sehemu ya huzuni yake ambayo ni ya Houmadi, na hiyo haitoki kwa kufua nguo. Nilipomwambia Mama kwamba nakuandikia, alisema, "Mwambie kaka yangu silii." Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakupiga chafya, wala hakujikuna macho.

Jibu lako lisipofika kabla ya siku hiyo, nimeamua kusimama mlangoni mwa chumba chake na kutompisha mtu mwenye chetezo. Sijapata kumkatalia mtu mzima jambo lolote, na sina hakika kama nitaweza. Fanya haraka, Mjomba.

Nisalimie Mkaza mjomba Zoubeida, Housna na mdogo wake, na wote wa huko wanaotuuliza. Mama Hakima wa Mirontsy anakusalimu. Mola akulinde wewe na nyumba yako, na akufikishie maneno haya yakiwa mazima.

Mimi mpwa wako nikupendaye,
Maanrifa