Masizi ya Bunduki ya Baba

Kirua Vunjo,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Dada Elisifa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Singida, wewe, Shemeji Aristides na watoto, na kwamba jua lenu bado linawaka kwa kiwango kile kile cha kulalamikiwa. Sisi huku ni wazima, uzima wa masika: kikohozi, matope mpaka magotini, na Mlima hatujauona tangu mvua zianze. Nadhani bado upo, maana maji ya mfereji yanatoka baridi.

Kabla ya mengine, kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha mswaki wangu wa bluu, kilichotokea juzi barazani kwa Baba baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu alifikwa na mauti akiwa kazini, akisugua pistoni ya shotgani. Ameacha mjane mmoja, dawa ya meno. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Unisamehe, dada. Tangu Mama aondoke nyumba hii imekuwa hodari wa matangazo ya aina hiyo, na mimi nimeshindwa kuyaacha.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Baba anakaa karibu yangu kutwa nzima na masikio yake hayakuzeeka pamoja na yeye. Na kwenye kundi la familia nikiandika tu neno "bunduki", Shangazi Martha atajibu kwa ile mikono miwili ya kuomba na mstari wa zaburi, halafu atampigia Baba kumuuliza kuna nini. Kwa hiyo barua hii naiweka chini kabisa ya mfuko wa ndizi ninaokutumia kwa basi. Za juu mgawie jirani. Za chini ni mshare, za kupikia supu yako ya mtori.

Unakumbuka siku ya mazishi ya Mama ulinivuta nyuma ya banda la ng'ombe ukaniambia nisimwachie Baba ile bunduki. Nikakujibu kwamba Baba si mtu wa namna hiyo. Ulitikisa kichwa ukarudi kwa waombolezaji, na kichwa chako kilikuwa na akili kuliko jibu langu. Mlipoondoka nilianza kuona mambo. Mabuti yake ya mvua alimpa Mzee Eliamini, jirani, na masika yenyewe yalikuwa yako mlangoni. Koti lake la kanisani alinipa mimi. Nikamwambia halinitoshi, ni kubwa. Akasema nitakua. Nina miaka thelathini na nane. Ngedere walishuka kutoka msituni wakaingia kwenye mahindi mchana kweupe, na Baba, yule yule ambaye jani likianguka alikuwa anatoka na bunduki na kandambili moja, aliwatazama wakila kama mtu anayetazama mvua. Akasema na wao wana watoto. Hapo ndipo niliogopa, dada, kuliko siku ya kaburi.

Sikujua niichukue vipi. Bunduki ni yake, leseni ni yake, na humnyang'anyi baba yako kitu mkononi halafu kesho ukabaki na uso wa kumpa shikamoo. Bahati, au nilidhani ni bahati, akaileta mwenyewe. Asubuhi moja aliniita akaniambia shotgani imejaa masizi, niisafishe upesi, si mimi ni fundi. Ni kweli mimi ni fundi, ila wa vitu ambavyo vimeshaharibika, ili nisilaumiwe.

Ile bunduki unaijua kwa mlio tu, kwa hiyo nikueleze. Inajikoki yenyewe. Ukipiga, moshi wa risasi unaingia kwenye vitundu viwili chini ya mtutu, unasukuma pistoni, pistoni inarudisha vyuma nyuma, na risasi ya pili inajipanga bila wewe kuigusa. Moshi huo huo unaacha masizi. Masizi yakiganda, vitundu vinaziba, pistoni inakwama, na bunduki inakataa risasi ya pili.

Basi nikafanya mpango wangu bila kumwambia mtu. Nikasema nikiifungua vipande vipande na kuisafisha polepole, polepole ya ofisini, haitakuwa bunduki tena, itakuwa vyuma. Na pistoni, kidude cha ukubwa wa kikombe cha kahawa, kila jioni nilikuwa naitia mfukoni naondoka nayo kwangu. Vyuma vilivyobaki Baba alivipachika tena kila kimoja mahali pake na kuvifungia kwenye sanduku lake la chuma, kwa sababu leseni ndivyo inavyotaka, na kwa sababu, alisema, bunduki hailali uchi. Mimi nikacheka moyoni. Afungie tu. Meno ninayo mimi.

Kazi yenyewe nilijifunza kwenye simu, kwa mzungu mmoja mwenye ndevu anayesafishia bunduki juu ya meza kubwa kuliko sebule yetu. Yeye alikuwa na chupa za dawa zimejipanga kama kwaya. Mimi nilikuwa na mafuta ya taa, sindano ya kuzibulia stovu, mafuta ya cherehani, na marehemu. Nililoweka pistoni kwenye kopo, na asubuhi yake masizi yakaanza kutoka kama gome la mti. Nilipokwangua, Baba aliinua kichwa kwenye kiti chake akanusa. Nami nikanusa. Chini ya mafuta ya taa kulikuwa na harufu ya jikoni, ya maziwa yaliyoungua. Baba akasema huyo ni mama yako.

Kumbe miaka yote Mama ndiye aliyekuwa akiipaka bunduki mafuta kila masika ili isishike kutu, na alikuwa akiipaka siagi, ile ile aliyotusugulia miguu tukienda shule. Kila risasi iliunguza siagi, siagi ikaganda, tabaka juu ya tabaka. Kwa lugha ya kifundi, dada, kilichokuwa kinakwamisha bunduki ni Mama. Baba aliomba kipande kimoja cha lile gome akakiweka kwenye kiganja, akakaa nacho mpaka chai ikapoa. Mimi nikaendelea kusugua, kwa kuwa mikono ilikuwa inahitaji kitu cha kufanya.

Shida ni kwamba kazi iliisha. Wiki haijakatika pistoni inang'aa, vitundu viko wazi, ukitazama ndani ya mtutu unaona kama tochi imewashwa. Sasa nisugue nini? Hapo nikafikia ujinga ambao nakuomba usimsimulie shemeji. Kila asubuhi nikiwa kwangu nilikuwa nakwangua masizi ya matako ya sufuria, nayachanganya na mafuta ya cherehani, naipaka pistoni vizuri, halafu naipeleka kwa Baba na kuanza kuisafisha. Nadhani Kirua Vunjo nzima nilikuwa fundi pekee anayechafua kitu asubuhi ili akitakase mchana. Ngedere walikuwa wanakaa juu ya ua wakinitazama, na sikupenda walivyokuwa wakinitazama.

Baba naye hakukosa la kusema. Aliniuliza kama naosha bunduki au naibatiza. Siku nyingine akasema kama ni ubatizo, basi sasa imefikisha umri wa kipaimara, nimwite mchungaji. Mzee Eliamini alipopita na yale mabuti miguuni akauliza kazi imefika wapi, Baba akamjibu kwamba fundi huyu akimaliza bunduki ataanza kuusugua Mlima. Nilifurahi, dada. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akimtania mtu. Hata mtori alianza kuugusa akiwa ananisema. Nikajiona daktari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi Baba alinyoosha mkono akaomba pistoni. Akaisogeza puani, akavuta pumzi, akanirudishia. Akasema masizi ya bunduki hayanuki kuni.

Niliifuta pistoni kwa shati. Akaniuliza, kwa ile sauti aliyokuwa akituulizia nani amefunua pombe ya mbege ya wageni, kama najua pistoni ni ya nini. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, kwamba ndiyo inayoleta risasi ya pili. Akatikisa kichwa kukubali. "Ya pili," akasema. "Ya kwanza haihitaji pistoni, Jesse."

Dada, sikuwa nimefikiria hilo. Fundi mzima. Muda wote ule nimetembea na kile chuma mfukoni nikidhani nimefunga mlango, na mlango ulikuwa wazi, na yeye ndiye aliyekuwa ndani akijua uko wazi.

Halafu akaniambia kwa nini aliniita tangu mwanzo. Hakuwa na haja ya ngedere wala mahindi. Alitaka kuisalimisha polisi. Alisema tangu Mama aondoke nyumba imekuwa kubwa, na yeye na kile kitu wanatazamana sana. Alitaka itoke. Lakini amekaa nayo miaka thelathini bila askari yeyote kumtoa kasoro, na hakuweza kupeleka kitu kichafu mbele za watu, wakaseme mke wa Elisaria amekufa na Elisaria ameanza kuoza. Ndiyo maana aliomba isafishwe upesi. Upesi ndilo neno alilotumia, nimekuandikia hapo juu, na mimi nililisikia nikalipita. Kila siku niliyoichelewesha ili nimlinde, nilimwongezea siku ya kutazamana nayo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mtu anaanzaje kumwambia mtoto wake jambo kama hilo. Nikamwambia na sisi watoto tulishindwa kuanza. Nikamuuliza tena, kama alijua kuhusu masizi ya sufuria, na alijua zamani, kwa nini aliniacha niendelee na upuuzi. Akasema, "Ulikuwa unakuja kila siku."

Ijumaa tuliisugua wote wawili, safari hii kwa kweli, tukaipaka mafuta ya cherehani, tukaifunga kwenye shuka na kuteremka nayo kituoni. Baba alivaa suti. Askari kijana alisoma namba, akaandika, akampa mahali pa kusaini. Baba akamwomba aifungue aone ndani. Askari akamwambia asiwe na wasiwasi, mzee wangu meku, wataalamu wataikagua yote. Baba akaridhika, akasema wakifika kwenye vitundu watumie tochi.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Bado analala mchana, na asubuhi bado anaita jina la Mama kabla hajakumbuka. Ukipata likizo njoo, hata kama ni kwa siku chache, hata kama mtagombana na Baba. Mimi sasa nimeishiwa sababu ya kukaa kwenye baraza lake, kwa hiyo jana nimeanza kuifungua redio yake. Haikuwa mbovu. Yeye anajua haikuwa mbovu. Ameniuliza itachukua muda gani, nikamwambia redio za zamani ni ngumu, akasema ndiyo, alisikia hivyo.

Msalimie sana Shemeji Aristides. Watoto waambie babu yao anawauliza kwa majina, mmoja mmoja, na ng'ombe anawauliza kwa pamoja. Ukisoma, ichome barua hii au uifungie maandazi, ila isirudi huku. Ndizi zitoe mfukoni mapema, zisije zikaivia humo. Nakuombea uzima, nawe utuombee, hasa jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Jesse.

Nilisahau. Baba alipotangulia kutoka nje, nilimuuliza yule askari ni lini hao wataalamu wataifungua. Akasema hazifunguliwi. Zikifika nyingi zinachomwa moto.