Hapa Nimeacha Nafasi

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumamosi asubuhi, 14 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko zitakazoenea kwenye karatasi hii. U hali gani huko? Na usinijibu "mzima tu" kama kwenye simu, nataka jibu lenye nyama. Sisi huku tunaendelea vizuri. Baba amepona kikohozi na amerudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, ambako anagombana na wateja kama kawaida. Binti yako anakula vizuri, analala vizuri, na bado ni Chiriku yule yule. Hakuna jirani ambaye hajahojiwa.

Leo nina habari na nina ombi. Ombi lenyewe si langu, ni la mwanao, na usipolijibu ukurasa wake utatundikwa ukutani ukiwa nusu mtupu, mbele ya wazazi wote wa shule. Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nina furaha mpaka mkono unanikimbia.

Unajua kwamba mwaka huu Chiriku yumo darasani kwangu, darasa la nne. Nyumbani ananiita mama mdogo. Akivuka geti la shule ananiita mwalimu, na ananitazama kana kwamba hatujawahi kula meza moja. Sasa, insha za watoto hawa zilikuwa zinanimaliza. Ukimwambia mtoto aandike siku asiyoisahau, lazima jogoo wawike. Mtaa wetu hauna kuku isipokuwa walio kwenye friji la mwenye bucha, lakini kwenye madaftari yangu jogoo waliwika mwaka mzima. Halafu basi linapinduka, watu wanapiga mayowe, na mwandishi anagutuka: kumbe ilikuwa ndoto. Nilizisoma ndoto hizo mpaka nikaanza kusinzia mwenyewe.

Mwanao hakuwa na mabasi. Kwake, kila insha ulikuwemo wewe. Unamwamsha, unamsuka nywele, unamfunga kamba za viatu. Nilizisahihisha, nikampa alama zake, nikatoka kusimama uwani kidogo. Uliondoka akiwa na pengo mbele, dada, na sasa meno yote yameshajaa.

Basi muhula huu nikasema liwalo na liwe. Nikawatangazia kwamba jogoo na ndoto zimepigwa marufuku. Utaandika ulichokiona kwa macho yako, au ulichoambiwa na mwenyewe aliyekiona, na huyo umtaje. Usichokijua unakiachia nafasi wazi, unakwenda kuuliza, unarudi unajaza. Mwalimu mkuu msaidizi aliguna, akasema watoto watakosa la kuandika.

Nikawapeleka kwa dobi, yule wa nyuma ya uzio wa shule. Nilidhani wataniandikia kwamba dobi hufua na kupiga pasi, yameisha. Thubutu. Mmoja kaandika kwamba dobi huimba akipiga pasi lakini hajui maneno yote ya wimbo, kwa hiyo akifika katikati anapiga mluzi. Mwingine kaandika kwamba kabla ya kulowesha shati huingiza mkono mfukoni, kwa sababu aliwahi kufua tiketi ya safari ya mtu na mwenye tiketi akalia pale pale. Wa tatu kaona shati la dobi mwenyewe halina kifungo cha juu. Habari zikamfikia, akaja shuleni amekunja uso, eti tunamharibia jina. Nikampa kurasa asome. Alizisoma zote kwa kusimama, akacheka, akaomba ile ya mluzi akaibandike kibandani kwake. Kesho yake kifungo kilikuwepo.

Tangu siku hiyo sina wanafunzi, nina wapelelezi. Mpishi wa shule hafunui sufuria kabla hajachungulia nyuma yake. Mimi nakwenda kazini mbio, dada, kama nilivyokuwa nikienda mwaka wa kwanza wa kuajiriwa.

Kazi ya sasa ni hii: mtu wa nyumbani kwetu na kazi yake. Kurasa zitatundikwa kwenye korido siku ya wazazi, mwisho wa mwezi ujao. Nilidhani Chiriku atamwandika babu yake, anayemwona kila siku na lenzi jichoni. Akakataa katakata. Anakuandika wewe. Nikamkumbusha kwamba kazi yako hajawahi kuiona, akanijibu kwamba ameisikia. Nakunakilia alichoandika, sijagusa hata nukta:

"Mama yangu anafanya kazi mbali. Anavaa viatu visivyo na sauti. Najua kwa sababu huwa anatembea tukiongea kwenye simu na sisikii hatua zake. Nyuma yake kuna kitu kinalia tii, halafu anasema subiri kidogo. Akirudi anahema. Akisema amekaa anapumzika, sauti yake ni ya mtu aliyesimama. Kazi yenyewe siijui. Hapa nimeacha nafasi."

Chini yake ukurasa ni mweupe.

Nilianza kuusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Raha niliyoipata kama mwalimu na uchungu nilioupata kama mdogo wako vilinijia kwa mkupuo, sikujua nishike kipi. Nikamkimbilia mwalimu mkuu msaidizi. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akauliza nani amemsaidia. Nikasema hakuna. Kisha, kwa nia njema kabisa, akashauri mtoto amalizie tu kwamba mama anaipenda kazi yake, ili ukurasa ujae. Nikamfikishia mwanao ushauri huo.

"Hilo sijaliona, mwalimu," akaniambia. "Na mama hajaniambia. Anasemaga kazi nzuri tu."

Hata mimi, dada, ndilo ninaloambiwa. Najua unatuficha ili tusikose usingizi. Lakini huyu mtoto ana masikio, na ukimpa maneno matamu atayaacha nje ya ukurasa, kwa kuwa sheria hiyo nimemfundisha mimi. Kwa hiyo nakuomba umwandikie ukweli. Usitie chumvi, na usipunguze. Kama kazi inachosha, mwambie inachosha wapi, miguuni au kichwani. Ameniagiza nikuulize hicho kinacholia tii ni nini, na kinakuitia nini. Anataka kujua unakula na nani, dirisha lako linatazama wapi, na kama kuna mtu huko anayekuita kwa jina lako la nyumbani. Akishindwa siku ya wazazi, atashindwa kwa sababu yetu sisi wakubwa, na mimi sitaki.

Baba anakusalimu sana. Anasema saa uliyomtumia inakwenda sawasawa, lakini kwa kuwa hajaifungua bado haiamini. Kaka yetu dereva na wifi wanakusalimu. Wamehamia ghorofa ya juu na wananung'unikia ngazi kila siku, wifi kwa maneno, kaka kwa kuhema. Shangazi mshonaji anauliza kama umenenepa au umekonda, aongeze gauni au apunguze. Nisalimie na hao unaoishi nao, hata wale ambao hujawahi kututajia.

Nafunga hapa, maana Chiriku amesimama begani kwangu na anadai kalamu. Kuna swali moja amekataa lisiandikwe kwa mkono wangu. Mola akuepushe na kila la shari, akuzidishie nguvu, akurudishe kwetu salama.

Mimi mdogo wako akupendaye bila kipimo,
Mama mdogo wa Chiriku.

Mama, ukishakata simu, kitu cha kwanza unachofanya ni nini? Hapo huwa sisikii tena.