Rangi ya Uso wa Mama

Nunguni,
Jumapili jioni.

Kwa dada yangu mpendwa Kathini,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi tunaendelea. Ng'ombe amezaa, mahindi yamekubali, na baridi ya Nunguni mwezi huu haina adabu hata kidogo. Mama mdogo Ndila bado analala hapa tangu tumzike mama. Anasema anakaa kwa ajili yangu, lakini mimi naona anakaa kwa ajili yake mwenyewe.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Mwongeli wa kwa Mulei anarudi kazini huko Riyadhi wiki ijayo na ameahidi kukufikishia mkononi. Najua madam wako hukaa na simu yako kutwa nzima, na haya ni ya kwetu wawili. Halafu kwenye simu ningeanza tu, ungelia, nami ningenyamaza, kama ilivyokuwa mara zote ulizoniuliza siku ya mazishi ilikuwaje.

Unakumbuka mama alipofariki uliniomba jambo moja. Ulisema ugonjwa wa figo ulimharibu uso ukawa na madoa, uliona kwenye picha, na hukutaka huo uwe uso wa mwisho kuukumbuka. Ukaniomba nimpambe awe mama yule uliyemwacha, na asubuhi ya mazishi, kabla watu hawajamwona, nikupigie simu ya video pale mochari umuage kwanza. Madam alikuwa amekubali kukuachia simu nusu saa. Nikakuahidi. Tukakubaliana pia kwamba yule mtu wa mochari asimguse mama na poda yake, maana mjomba Musyoka alitoka pale mweupe kama aliyemwagikiwa unga, mpaka mke wake akauliza kama kweli tumepewa mtu wetu.

Sasa dada, hela za kununulia vipodozi zitoke wapi? Michango yote ilimezwa na bili ya hospitali na jeneza. Kilichobaki kwa ajili ya uso wa mama kingetosha nyama ya kuonja.

Nikapiga hesabu kichwani. Watu wote husema mimi na mama rangi yetu ni moja, hata ukituweka mikono pamoja huwezi kujua wa nani ni upi. Basi nitajijaribia mwenyewe, na itakayonikaa mimi ndiyo itakayomkaa mama. Niliona nimekuwa mjanja sana.

Nikaanzia duka la dawa hapa Nunguni. Walikuwa na faundesheni za bei nafuu za rangi mbili tu, moja ya wazungu na moja imeandikwa chokoleti. Nikachukua chokoleti. Kufika nyumbani na kujitazama kwenye kioo, nilikuwa mwekundu kama tofali, shingo ni yangu na uso ni wa mtu mwingine. Nikarudi nayo, wakasema kikishafunguliwa hakirudi. Nikaenda duka la vipodozi lililo karibu na soko. Kwenye kifuniko cha poda kulikuwa na mwanamke mweusi mzuri anacheka, na yule msichana wa duka akakataa nisifungue kabla ya kulipa. Nikalipa. Ndani mlikuwa na poda ya rangi ya jivu. Sikufichi, nilisimama pale njiani nikamtukana yule mwanamke wa kwenye kifuniko.

Siku ya soko nikaenda Kikima kwa Shufaa, yule mama wa kutoka Kitui anayeuza vipodozi na madira. Huyu angalau hukupa pamba ukajaribu kwenye taya bure. Alinichora mistari mitatu shavuni, kisha akaniapia kwamba ule wa mwisho ndiyo rangi ya Wakamba wote, utadhani sisi sote tulichimbwa shimo moja. Na nani akanikuta pale na mistari yangu? Katunge, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alinitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza kama siku hizi ndivyo watu wanavyoomboleza. Maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Jioni kwenye maombi nikasikia nyuma yangu wakinong'onezana kwamba mama yuko kwenye barafu na binti yake anajipodoa. Ningeweza kuwaeleza. Nilikuwa na hasira mno, nikaona wacha wale hayo maneno yao.

Basi nikachukua ile ya tofali na ile ya Shufaa, nikazichanganya kwenye sahani kwa njiti ya kibiriti, kidogo hiki, kidogo kile. Nikapaka, nikanawa, nikapaka tena, mpaka ngozi ikaanza kuwasha. Mwishowe nikasimama mlangoni kwenye mwanga na ile rangi ikapotea shavuni mwangu kabisa. Mama mdogo aliponiona alishika mdomo. Akasema amemwona dada yake akiwa msichana. Nililia kwa furaha, Kathini, siku ile peke yake katika siku zile zote.

Asubuhi ya mazishi tukaenda mochari. Tulimwosha, tukamvalisha lile gauni la buluu na kitambaa chake cha kanisa, kisha nikatoa sahani yangu. Ile rangi ilimkataa mama. Mimi nina joto na nina damu inayotembea, naye alikuwa amekaa kwenye baridi siku hizo zote na dawa zao mwilini. Ilimkaa juu juu kama tope kwenye jiwe. Kwenye paji la uso ikawa kijivu, mashavuni ikawa chungwa, na kila nilipoongeza ndipo ilipopasuka. Nikajaribu kuisaidia kwa rangi ya mdomo. Akawa mtu nisiyemjua, mtu mwenye hasira na sisi.

Na hapo ndipo simu yako ikaita.

Dada, haikuwa mtandao. Nilikuwa nimeishika simu mkononi, nikaona jina lako, nikamtazama mama, nikaikata. Ukapiga tena, nikaizima. Nilijidanganya kwamba nakukinga usimwone vile. Uongo. Niliona aibu kwa kazi ya mikono yangu, na sikutaka wewe, uliyenituma, uwe wa kwanza kuiona.

Mama mdogo hakunigombeza. Alilowesha kitambaa, tukamfuta yote, kisha akatoa mfukoni yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo mama alikuwa akijipaka kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Tukampaka hayo tu. Nikawasha simu nikakupigia. Iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili haikupatikana. Nusu saa yako ilikuwa imekwisha, na madam alikuwa ameichukua.

Watu wote wakamwona. Katunge alimwona, akalia mpaka akashikiliwa. Hata yule jirani aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba alimwona. Umekuwa ukiilaumu kampuni ya simu, ukamlaumu na madam wako, nami nikawa naitikia. Acha kuwalaumu. Nilikunyima mama yako kwa sababu ya poda.

Picha hakuna. Mama mdogo hakuruhusu mtu kupiga picha jeneza likiwa wazi. Kwa hiyo nakueleza nilichoona, na sitaongeza rangi yoyote. Madoa yalikuwepo, Kathini, makubwa kwenye mashavu yote mawili, na moja dogo chini ya jicho la kushoto. Uso ulikuwa umekonda, ukang'aa kwa mafuta kwenye mifupa ya mashavu. Nywele nilimsuka mistari, nyeupe zote zikiwa mbele. Kile kikovu cha jembe kwenye nyusi kilikuwa pale pale. Mdomo haukufunga vizuri upande wa lile pengo, ikawa kama anataka kukwambia ufunge mlango, kuku wanaingia. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa mama. Ungemjua mara moja.

Mama mdogo anakusalimu sana na anakuomba ule, anasema sauti yako kwenye simu imekonda. Na Mwongeli umshukuru kwa kunibebea haya mpaka huko. Mimi nipo. Ukitaka kunipigia unitukane, piga, nitapokea.

Mdogo wako,
Mbinya