Alute Yupi Huyo

Ikungi, 15 Novemba 1964

Kaka Alute,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mvua bado, ila ng'ombe mwekundu amezaa.

Jumapili iliyopita baba alipeleka kwenye mkutano wa kijiji yale maua mekundu ya karatasi ya kumbukumbu ya vita, akaomba watu wanunue ili kusaidia askari wenzake waliolemaa vitani Burma na wajane wa waliokufa. Mwalimu Mathayo akasimama akasema, "Vita ile ilikuwa ya Mwingereza. Awatunze yeye."

Mama Theodora akamjibu, "Mume wangu aliyefia huko hakuwa Mwingereza."

Watu wakabishana sana. Ndipo Mathayo akatoa gazeti, akasoma barua uliyomwandikia mhariri ukiwa huko Dar es Salaam, kwamba maua hayo ni alama ya utumwa na wanaoyauza ni vibaraka. Akasoma na jina lako.

Baba akaniuliza, "Ni Alute yupi huyo?"

Nikasema simjui.

"Afadhali," akasema. "Nilidhani ni mwanangu."

Alijua, kaka. Mpaka leo hajakutaja. Krismasi hii usije.

Mdogo wako,
Magdalena